Waya, Nimewaambia Watu Ukweli Kuhusu Zile Chembe Zako

Waya wangu mpendwa,

Najua Akinyi akianza kukusomea hii barua swali lako la kwanza litakuwa, "Nani amemwandikia?" Hakuna. Nimeandika mwenyewe, na mkono huu huu ulioacha shule kidato cha pili, na ukiona makosa ujue ni ya mwalimu, mimi nilikuwa sawa. Tena nimeiandika isomwe na kila mtu, wa Kondele, wa Asembo Bay na wa kanisani, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele ya kila mtu. Wasiojua Kijaluo wajue tu kwamba Waya ni shangazi, dada ya baba. Lakini wewe ulinilea tangu nikiwa na miaka sita, kwa hiyo hata nikikuita Mama hakuna wa kunishtaki.

Unakumbuka siku nilipokuja nyumbani na lile gari la barafu? Nilipiga honi kutoka barabarani mpaka mlangoni, majirani wakadhani mbunge amefika. Nikakuambia, "Waya, mimi sasa ni mtu mkubwa. Wachuuzi wote wa samaki kutoka hapa mpaka Kisumu wananitegemea." Ulizunguka gari, ukafungua mlango wa nyuma, baridi ikakupiga usoni, ukaufunga.

"Mimi je?"

"Wewe pia, Waya."

"Mimi hapana. Samaki wangu hajui baridi."

Na ilikuwa kweli, lazima niseme. Miaka yote hiyo ulikuwa unanunua samaki aina ya ngege ufukweni asubuhi, kabla ya saa saba mchana umeshamaliza kuuza pale sokoni Kondele. Mtu akija na samaki wa barafu ulikuwa unambonyeza kwa kidole gumba, huyo samaki maskini, shimo linabaki, kisha unamwangalia mwenye samaki kana kwamba amekuletea maiti ya jirani. Mimi nilikuwa nauzia barafu wanawake wote wa ufuko isipokuwa yule aliyenilea. Wenzangu walinicheka hadi leo wananicheka. Nilikuwa naegesha gari makusudi karibu na meza yako, nawe unalimwagia maji ya kuoshea samaki kwenye tairi. Raha sana, Waya. Sikujua ni raha kiasi gani.

Kisha macho yako yakawa manjano. Wewe ukasema ni malaria. Mgongo ukauma, ukasema ni karai la samaki. Nguo zikaanza kukuvaa badala ya wewe kuzivaa, na hapo hata wewe ulikosa cha kusingizia. Pale hospitalini Kisumu wakatuambia ni saratani ya kongosho. Kongosho! Siku hiyo nilijishika tumbo nikitafuta langu, kwa maana sikujua kama ninalo. Daktari akasema upasuaji hauwezekani, uvimbe umeshikana na mishipa mikubwa ya damu. Ukapewa dawa za dripu, zikasaidia kidogo, zikachoka.

Ndipo wakatuambia kuna utafiti huko India, na kuna daktari anayeweza kuzungumza nasi kwenye skrini. Akinyi, binti yako, alikuwa bado kazini Nairobi. Yule daktari aliongea Kiingereza cha haraka, muuguzi anayejua Kijaluo alikuwa ameitwa wodi nyingine, na nani akasimama? Mimi. Nikawaambia, "Msihangaike, nitatafsiri." Kifua mbele kama askari wa gwaride.

Na kusema kweli nilianza vizuri. Nikakuambia kwamba kwenye damu yako kuna askari, zile chembe nyeupe, kazi yao kupiga ugonjwa. Sasa hii saratani ni mjanja, imevaa nguo za nyumbani, askari wanapita karibu nayo wanaisalimia. Madaktari wanataka kutoa baadhi ya hao askari kwa mashine, wawapeleke maabara, wawafundishe sura ya adui, wawalishe waongezeke wawe wengi sana, halafu wakurudishie mwilini kwa mshipa. Ulikuwa unatikisa kichwa, unanielewa. Daktari akasema jambo lingine, nami nikafurahi kwa sababu ilikuwa kazi yangu hiyo, nikaongeza chumvi:

"Na kabla hawajakurudishia, Waya, watawagandisha! Baridi kali kuliko gari langu lote!"

Ulifunga mkoba wako.

"Waya?"

"Miaka yangu yote sijamuuzia mtu kitu cha barafu. Nami nisiuziwe."

Ukatoka. Daktari wa India akabaki kwenye skrini akiniuliza nini kimetokea, na mimi Kiingereza chote kikaisha hapo hapo. Ningemwambia nini? Kwamba mgonjwa wake ameondoka kwa sababu ya ngege?

Siku tano nilikubembeleza. Ulinijibu jibu moja tu: kilicholala kwenye barafu kimekufa, na wewe huwezi kutiwa vilivyokufa ukategemea vipigane. Nilikasirika mpaka nikakuambia una kichwa kama jiwe la kusagia. Ukanijibu nikuondolee gari langu uani. Akinyi alikuwa analia kwenye simu. Madaktari walituambia nafasi haitatusubiri, na ugonjwa wenyewe ndio hausubiri kabisa.

Ni Malkia, ng'ombe wako, aliyetuokoa, Waya, na mpaka leo sijamshukuru vya kutosha, namwongezea majani tu. Asubuhi ya siku ya sita yule daktari wa mifugo alikuja kumpandisha. Wewe, mgonjwa hivyo, ulikataa mtu mwingine ashike mkia wa ng'ombe wako. Jamaa akafungua ule mtungi wake, moshi mweupe wa baridi ukafurika hadi kwenye viatu vyake, akachomoa kale kamrija kadogo kenye mbegu ya dume. Mimi nimesimama pale na mikono mfukoni. Kitu kikaniingia kichwani, na ninapenda watu wajue kwamba kiliingia kwangu, si kwa Akinyi mwenye digrii.

"Bwana daktari," nikamwambia, "huyu dume yuko wapi sasa hivi?"

"Huyu? Alishakufa."

"Lini?"

"Zamani. Labda wewe ulikuwa bado unanyonya."

"Na mbegu yake imekaa wapi muda huo wote?"

"Si humu? Kwenye baridi. Baridi ambayo mbele yake barafu yenu ya samaki ni uji wa moto."

"Na inazaa?"

Akanitazama kama mjinga. "Mama ya Malkia alipandishwa kwa mtungi kama huu. Wewe unafikiri Malkia alitoka wapi, sokoni?"

Waya, ulikuwa bado umeshika mkia. Ulimwangalia Malkia kuanzia pembe hadi kwato, ng'ombe wako wa maziwa mengi, uliyemsifu mpaka kwenye harusi za watu, na nikaona bega lako moja linaanza kutikisika, kisha la pili. Ulicheka hadi ukakaa chini kwenye majani. "Yawa! Kumbe nimekunywa chai ya barafu miaka yote hii!" Yule jamaa akatueleza, tena kwa heshima, kwamba barafu ya kawaida inaua kwa sababu inapasua chembe, lakini ukigandisha kwa ustadi, na dawa yake maalum, kitu kidogo chenye uhai kinalala tu. Kikipashwa moto kinaamka. Ukajipangusa machozi ukaniambia, "Wapigie watu wako wa India." Watu wangu! Nikajiona waziri wa mambo ya nje.

Lakini sasa nifike pale ambapo sikutaka kufika.

Tuliporudi hospitalini kuandikisha, muuguzi wa Kijaluo alikuwapo, anapanga karatasi mezani. Daktari wa kwenye skrini akaongea kwa muda mrefu. Mimi bado nilikuwa mkalimani, sikukubali kupokonywa. Alipomaliza nikakuambia, "Anasema itakusaidia."

Kisha ukasema, "Daktari amejaza karai zima. Wewe umeniletea omena watatu mkononi. Wengine umewaficha wapi?"

Muuguzi akaangalia chini. Alikuwa amesikia yote. Na si siku hiyo tu, Waya. Siku ya kwanza pia, kabla ya mambo ya barafu, daktari alikuwa amesema maneno yale yale, nami nikayaruka. Niliyaruka kwa sababu ulikuwa unatikisa kichwa vizuri, na sikutaka uache kutikisa.

"Sema," ukaniambia.

Nikasema, sauti imekuwa kama ya mtoto. Kwamba ni utafiti, bado wanatafuta kama inafanya kazi. Kwamba kuna saratani za damu ambazo njia hii imezipiga vizuri, lakini kongosho ni kiungo kigumu, uvimbe wake umejijengea ukuta, askari wanafika mlangoni wanachoka. Kwamba kuna wagonjwa uvimbe wao ulipungua, na kuna ambao haukusikia chochote. Kwamba dawa zenyewe zinaweza kukuletea homa kali hata kukuumiza. Kwamba hakuna anayekuahidi kupona. Kwamba unaweza kukataa na hakuna atakayekukasirikia.

Ulisikiliza yote. Ukauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Huyo sasa ndiye samaki mzima, na kichwa chake." Ukachukua kalamu, ukaandika jina lako polepole, herufi moja moja. "Naenda. Lakini usiende huko Kondele kuwaambia watu nimepona kabla sijapona."

Na mimi nilifanya nini? Ndege yenu, wewe na Akinyi, haijafika Bombay, mimi niko Kondele nimepanda juu ya kreti ya soda. "Waya anaenda kuwekewa jeshi jipya! Akirudi atawabeba nyie wote na makarai yenu!" Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba umeshapona, imebaki kurudi tu. Watu wakapiga makofi, mama mmoja akacheza mpaka kiatu kikatoka. Nikajisikia vizuri sana. Kila nilipolisema niliamini zaidi, na nililisema mara nyingi, Waya, kwa sababu nisiposema nilikuwa naogopa.

Halafu wakakurudishia zile chembe, na ikaja ile homa. Siku tatu hukuweza kushika simu. Akinyi aliniambia madaktari waliitarajia na wako macho, lakini mimi niliegesha gari pale Mamboleo nikakaa tu ndani, barafu inayeyuka nyuma, maji yanatiririka barabarani, watu wananigongea dirisha kuniambia. Kila aliyenipigia siku hizo aliniuliza, "Waya anarudi lini?" kwa furaha, kwa sababu ya maneno yangu. Sikuwa na mtu hata mmoja wa kuniuliza, "Hali yake ikoje?" Nilikuwa nimewanyima nafasi ya kukuhurumia.

Homa ikapoa, namshukuru Mungu, na juzi ikawa siku ya kusoma ile picha ya tumbo. Akinyi akaniunganisha kwa video. Ulikuwa umevaa kofia ya sufu, uso mdogo, lakini jicho lile lile la kukagua samaki. Akinyi alitaka kutafsiri, ukamkataza. "Mpe yule. Nataka nione kama amekuwa mtu."

Daktari akasema. Nikamsubiri amalize kila sentensi.

"Anasema uvimbe haujapungua, Waya. Anasema pia haujakua. Anasema chembe zako bado ziko kwenye damu, wamezikuta. Anasema ni mapema, watapiga picha nyingine baada ya wiki kadhaa. Mbele ya hapo anasema hajui."

"Amesema hajui?"

"Amesema hajui."

"Na wewe?"

Unajua mimi, Waya. Tangu nizaliwe sijawahi kukosa jibu. "Mimi pia sijui."

"Basi tuko watatu," ukasema, na ukamgeukia daktari ukamuuliza kwa Kiswahili chako cha sokoni kama ameshakula.

Leo asubuhi nilirudi kanisani, sikuvaa hata lile koti langu jekundu. Nikasimama pale pale. Nikawaambia nilisema uongo, kwamba hujapona, kwamba uvimbe uko palepale umesimama, na hakuna mtu duniani anayejua utaelekea wapi. Nikadhani watanizomea. Kisha yule mama wa kiatu akasimama akasema, "Afadhali. Sasa tunajua tunaomba nini." Na wakaomba, Waya. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Waliomba muda mrefu, wakikutaja jina, wengine wanalia, na mimi nikalia nao mbele za watu, na usithubutu kunicheka.

Wanawake wenzako wa Kondele hawajampa mtu meza yako. Malkia ameshika mimba. Mimi ninakula vizuri, hata mashavu yameongezeka, ukiniona utadhani nimeoa.

Kaa salama huko, msikilize Akinyi, usigombane na wapishi wao. Kila nikiulizwa habari zako nitasema zilivyo siku hiyo, ziwe nzuri ziwe mbaya. Kuhusu kesho sijui chochote. Ninachojua ni kwamba nataka urudi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.