Gari Lisilo na Harufu

Njombe Mjini,
Juni.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia, na baridi ya mwezi huu haijakuzidishia maumivu ya magoti. Huku kwetu asubuhi umande unaganda kwenye majani, lakini mimi, mkweo Stanley na watoto hatujambo. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu haya ninayotaka kukwambia hayafai kukatika katikati. Kaka Agustino ndiye atakayekufikishia.

Baba, tumenunua gari. Tena si la petroli wala dizeli. Ni la umeme, na limekwisha kutumika. Najua utaguna. Hata wenzangu shuleni waliguna, wakasema mwalimu wa fizikia sasa anaifanyia familia yake majaribio.

Nusura niingizwe mjini. Gari la kwanza nililiona Makambako, kwa kijana aitwaye Justine anayeuza magari karibu na njia panda. Lilikuwa linang'aa hadi unajiona uso. Akanionyesha chaji imejaa, akasema, "Mwalimu, betri hii mpya kabisa, sheli utaisahau." Lakini betri kujaa si kuwa nzima. Wewe mwenyewe unajua, debe lililobondwa nalo hujaa viazi, ila gunia la mnunuzi halitimii. Nikachomeka chini ya usukani kile kifaa kidogo kinachosoma hali ya betri na kuileta kwenye simu. Kikaonyesha imebaki na chini ya nusu ya nguvu iliyotoka nayo kiwandani. Nikaomba nilipandishe kidogo mlimani, akasema tairi zitachafuka. Nikamshukuru, nikaondoka. Hadi nafika stendi nilikuwa nawaza nilivyokaribia kuvutwa na ule mng'ao.

La pili lilikuwa Kitandililo, kwa Mama Hosiana, muuguzi mstaafu. Hilo mlango wake umebonyea na rangi imechubuka; watoto wanalicheka mpaka leo. Lakini aliponiona nainama kutazama kama mawe yameligonga chini, kwenye betri, aliniletea gunia nilalie. Tukachomeka waya wake wa kuchajia ukutani, tukanywa chai huku mara kwa mara napapasa plagi nione kama inapata moto. Ikabaki vuguvugu tu. Kifaa kikasema betri bado ina nguvu nyingi, na kadi ya gari ilikuwa na jina lake mwenyewe. Bila kuulizwa akaniambia kwamba asubuhi za baridi haliendi mbali kama mchana, na kwamba breki za nyuma zinapiga kelele. "Mwanangu, sitaki ukalikute na ubovu halafu unilaani," alisema. Tukapanda naye hadi Njombe, hita ikiwaka njia nzima, na chaji ikabaki zaidi ya nusu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Stanley ameniruhusu nikuandikie.

Ile ajali yake tuliyokwambia ni jeraha la mguu tu, haikuwa hivyo. Pikapu ilipinduka ikiwa na madumu ya petroli. Alibanwa chini, petroli ikimlowesha nguo na uso, akiwasikia watu wakipigiana kelele kwamba mtu asiwashe hata kiberiti, hadi walipomtoa. Mguu ulipona. Lakini tangu siku hiyo akisikia harufu ya petroli, au injini ikinguruma chini ya miguu yake, hukosa pumzi na mwili wote humlegea. Kazini huenda kwa miguu. Tulipomzika Mama bila yeye, nawe ukasema mkweo anatudharau kwa kuwa sisi ni wakulima, siku ile alikuwa amepanda gari pamoja nami. Hatukufika hata mwisho wa mji. Alishuka akitapika, akakaa kando ya barabara akilia, akanisihi nisimwambie mtu, kwani afadhali aitwe mwenye kiburi kuliko mwoga. Nikaja peke yangu, nikanyamaza. Kila uliposita kutaja jina lake, Baba, moyo wangu ulichomwa.

Basi Mama Hosiana na mimi tulipoingia uani, Stanley alikuwa anapalilia kabichi. Akalizunguka gari, akainama, akanusa. Akafungua mlango, akaketi mbele, akaniambia, "Haya, twende." Mama Hosiana akabaki na watoto, sisi tukaenda hadi Uwemba na kurudi. Mwanzoni alikuwa ameshika mkanda kwa mikono miwili. Baadaye nikamsikia anasema kwamba mahindi ya watu wa huku bado hayajavunwa. Maneno hayo tu. Nikasimamisha gari nikalia, naye akanipangusa machozi huku anacheka. Tangu jioni ile nalala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Anaomba umruhusu afike kwenye kaburi la Mama, na akuombe radhi kwa kinywa chake. Ukikubali, tutalala Makete mjini ili gari lipate chaji, kesho yake tuwe hapo nyumbani Ipelele. Tafadhali Agustino aikague soketi ya sebuleni tutakayochajia gari, kabla hatujafika.

Nami nina ombi moja. Tukishuka, msimwulize habari za safari. Mpeni kiti karibu na moto, mmwulize viazi vinauzwaje Njombe.

Wajukuu wanakuamkia, nao wanabishana nani atakaa dirishani. Wafikishie salamu zetu wote hapo nyumbani, na Mungu akutunze hadi tutakaposhikana mikono.

Ni mimi mwanao,
Lidia