Mkasi Wangu, Cherehani ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Wameanza tena! Moli hata rangi haijakauka vizuri, leo wameleta kreni nyingine, ndefu kuliko ya kwanza. Jengo la pili, eti. Litaungana na lile la zamani. Zamani gani, lina miaka miwili! Na sisi tuko ng'ambo ya barabara tu, vumbi lote linahamia kwenye kibanda chetu. Nimefuta meza ya kukatia mpaka mkono umechoka. Wifi kaniambia niache, vumbi nalo ni mteja, angalau linaingia. Huyu mke wa kaka yangu ana mdomo!

Jumatano, 14 Mei

Nguo mpya hakuna anayeshonesha siku hizi. Wananunua zilizo tayari huko moli, halafu wanatuletea tufupishe. Suruali za huko sijui walimpimia twiga. Haya, kazi ni kazi. Mimi napima, napiga chaki, nakata. Wifi anakunja, anashona. Ndivyo tulivyo tangu kaka amwoe. Yeye akishika mkasi mkono unamtetemeka. Mimi nikikanyaga pedali mshono unayumba kama mlevi. Kila mtu na lake, tumezoea.

Jumamosi, 2 Agosti

Jengo la pili limefunguliwa. Muziki, maputo, watu kama utitiri. Kwetu mchana kutwa kimya. Jioni kapita mwalimu, mteja wetu wa siku nyingi. Kasema alipanda ngazi za umeme, akapotea, akatokezea kwenye maegesho asiyoyajua, akaanza kutafuta gari lake. Hana gari! Tumecheka mpaka mbavu zinauma.

Halafu Wifi, hivi hivi tu, huku anafunika cherehani, akasema kuna duka la suti humo ndani wanataka mtu wa kuwafupishia wateja papo hapo. Wamemwita. Mshahara wa kila mwezi. Nikamwambia hongera. Nilisema kwa sauti kubwa mno, naona.

Jumapili, 3 Agosti

Kaka kaja kuuliza kama nimenuna. Nikamwambia sijanuna. Nimenuna! Nani atashona? Nimkatie mtu suruali halafu nimkabidhi vipande? Lakini binti yao anaanza chuo, na kibanda hiki hakiwatoshi. Siwezi kumwambia asiende. 

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya kwanza ya Wifi kule. Saa ya chakula cha mchana nikamwona anakuja mbio, anahema, kakumbatia mfuko. Ndani suruali ya mteja — mguu mmoja mrefu kama ulivyotoka kiwandani, wa pili umeishia kwenye ugoko. Alikata mguu mmoja, akageuza suruali, akaukata tena uleule! Nilicheka nikakaa chini kabisa. Kwanza alitaka kulia, kisha naye kicheko kikamshinda. "Wifi, niokoe, mwenyewe anakuja jioni!"

Vipande alikuwa navyo, ashukuriwe Mungu. Akaviunganisha kwa cherehani yake hapa hapa, mimi nikapima upindo wa kukunjia nje, miguu yote miwili, kiungo kikafichika. Mteja eti kafurahi sana. Kasema ndio mtindo wenyewe.

Ijumaa, 22 Agosti

Sasa kila mchana anavuka na mfuko wa suruali. Mimi nakata, yeye anazirudisha dukani kushona, na za wateja wetu anazishona hapa hapa kabla hajaondoka. Meneja wake anamsifu kwa mikato! Tunakula huku tunamsema meneja. Saa ile ikikaribia nakuwa nachungulia barabarani, lakini akifika najifanya nina kazi.

Leo kataka kujaribu mwenyewe. Nikamwonyesha: mguu uliokwisha kukatwa uchome pini, usije ukaurudia. Na mkasi usiukimbize, ufuate chaki. Mkono ulitetemeka kidogo tu. Nikamwambia bado, bado sana.

Si kweli. Ulikuwa mkato safi.

Alhamisi, 11 Septemba

Jengo la tatu! Safari hii wamezungusha uzio wa mabati mbele yetu. Kuvuka sasa mpaka uzunguke maegesho yote. Wifi kafika kachelewa, jasho linamtiririka. Mfukoni suruali moja tu. Nikamuuliza nyingine ziko wapi. Kasema leo wateja wachache. Hakuniangalia.

Jumamosi, 4 Oktoba

Wiki nzima hajaja. Simu anapokea, ananiambia: kazi nyingi, wifi yangu, tutaonana. Leo nikafunga kibanda, nikazunguka uzio, nikaingia moli. Mara yangu ya kwanza. Baridi humo! Ikabidi mlinzi anielekeze.

Duka mbele lote ni kioo. Wifi yuko meza ya nyuma, mkasi mkononi, anakata. Polepole, anafuata chaki. Pini ipo kwenye mguu wa kwanza. Mkono umetulia kabisa. Nimefurahi, Mungu shahidi. Na nimeumia. Nilisimama pale nikiwa na vyote viwili, watu wananipita na mizigo yao.

Akainua macho akaniona. Aliuweka mkasi chini haraka, akaufunika na ile suruali, kama mtu aliyefumaniwa. Nikamwinulia dole gumba. Akajiziba mdomo kwa kiganja. Sikuingia, nikageuka.

Kibandani nimemkuta mwalimu mlangoni na suruali mpya. Anaitaka leo leo, kesho anaivaa. Nimwambie nini, aende kule ng'ambo? Nimemwambia karibu, kaa. Nimeshaikata. Sasa nimekaa kwenye kiti cha Wifi. Uzi nimetunga, kitambaa kiko chini ya sindano, mguu uko kwenye pedali. Sijakanyaga. Mwalimu katulia kwenye benchi kwa adabu zake zote, anadhani naandika vipimo vyake.