Nilimfunikia Binti Yangu Jua

Mama Mwadi, mshauri wetu, naomba msaada, na ukiichapa barua hii usinifiche jina, maana nililolifanya nililifanya kwa siri na siri hiyo ndiyo inanila. Mimi ni Banza, mchoma matofali wa Panda, miaka thelathini na moja niko mbele ya tanuru, nyumba nyingi za mtaa wetu zimejengwa kwa matofali yangu, na kwa matofali hayo nilimsomesha binti yangu Julie kule Lubumbashi mpaka akawa mchoraji wa nyumba, architecte kabisa, na aliporudi mwaka huu akasema anataka kutujengea mimi na mama yake Gertrude nyumba ya uzeeni kwenye kiwanja chetu, nikafurahi, nikamwambia tanuru la kwanza la kiangazi ni lako.

Basi akafungua karatasi zake mezani. Nyumba ndefu inayotazama kaskazini, ambako jua letu linapita miezi ya baridi, paa limeinama upande huohuo, juu yake paneli za kuwasha taa na friji, kando yake sanduku la kioo lenye mabomba meusi ya kupasha maji, na kuta nene za matofali mabichi, udongo unaoshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa, ili zishike joto la mchana na kulitoa polepole baridi ikiingia. Nikauliza, na matofali yangu? Akasema kwa upole, "Papa, kwa hii nyumba hatutachoma hata tofali moja. Miti imeisha. Weye mwenyewe kila mwaka unaenda kutafuta kuni mbali zaidi." Ni kweli, Mama, zamani kuni nilizikata nyuma ya kambi ya wafanyakazi, hapa karibu, leo lori linatoka asubuhi na kurudi jioni, lakini nilisikia kama mtoto amenitupa pamoja na majivu yangu, nikanuna wiki mbili.

Gertrude vidole vyake vinavimba wakati wa baridi, kila asubuhi anawasha makala, yale makaa ya miti, apate maji ya moto, moshi unamkohoza, kwa hiyo Julie akasema tujaribu kwanza sanduku moja juu ya paa la jiko. Akalifunga Ijumaa, akamwambia, "Kesho, mama, utaoga bila makala." Jumamosi wakaenda sokoni wote wawili, na mimi, mwanaume wa miaka sitini na tatu, nikapanda ngazi nikalifunika sanduku kwa turubai, nikaja kuliondoa saa tisa kabla hawajarudi.

Maji yalikuwa baridi. Julie aliyagusa, akasimama, akayagusa tena. Gertrude akamwambia, "Iko na moto kidogo, mwana, iko muzuri," akachukua ndoo akaenda kuoga, na mimi niliyekuwa nje ya ukuta wa bafu nilimsikia anavyovuta pumzi kwa baridi.

Jumatatu Julie alilishusha sanduku. "Papa, miye nilikosea hesabu," akaniambia. "Tujenge na matofali yako." Sasa anatafuta kazi ya kuuza dukani, anasema kuchora nyumba haikuwa kazi yake. Nimepata nilichotaka, Mama Mwadi, na sikitaki tena. Nikimwambia, ataniona mtu wa namna gani? Nikinyamaza, atajiona si kitu. Nifanye nini?

Banza, Panda

*Mama Mwadi anajibu*

Papa Banza, nilipokusoma mara ya kwanza nilitaka kukugombeza, mara ya pili nikakuhurumia. Pokea vyote viwili.

Ulifanya vibaya. Umemfanya mtoto asiamini akili yake mwenyewe, akili uliyoilipia kwa jasho lako, na umemwogesha mkeo maji ya baridi huku vidole vyake unavijua. Usilipunguze hilo kwa kusema uliumia.

Lakini najua uliumia. Mtu hawezi kuambiwa mezani, kwa sentensi moja, kwamba kazi ya maisha yake haihitajiki, akainuka akipiga makofi. Julie anasema kweli juu ya miti. Angeweza tu kutafuta njia laini zaidi ya kukuambia. Hata hivyo hakukutupa. Nani katika nyumba hiyo anajua udongo upi unapasuka ukikauka, upi unataka mchanga, upi unataka maji machache? Ni weye. Kuta zake zinakuhitaji kuliko hata tanuru.

Unauliza atakuona mtu gani. Atakuona baba aliyekosa. Hilo linavumilika.

Sasa fanya hivi. Usimtume Gertrude, usimtume pasta. Leo hii waite wote wawili, useme habari ya turubai kwa mdomo wako, na usiweke "lakini" mwishoni. Mwombe Gertrude msamaha wake peke yake, ana haki nao. Julie akilia, kaa hapo. Akiondoka, mngoje. Kisha rudisha sanduku juu ya paa kwa mikono yako, yeye akikuelekeza, na umwombe akupe kazi ya kuchagua udongo. Fanya upesi: matofali mabichi yanataka wiki nyingi za ukavu, na mvua za mwezi wa kumi hazitangoja haya yako iishe.

*Baadaye*

Wasomaji, majibu haya nilimsomea Papa Banza kwa simu kabla ya kuyachapa, nisimwache angoje gazeti. Siku tano zikapita, akanipigia.

"Mama, nilisema yote. Gertrude akanishika bega. Julie alitoka, akakaa kwa shangazi yake siku tatu. Nilijua nimempoteza."

"Na sasa?"

"Leo asubuhi amerudi. Hakunisalimia. Amesimama mlangoni na begi lake, ameniuliza, 'Papa, sasa hesabu yangu ilikuwa sawa?'"

"Ukamjibu nini?"



"Nilimuambia, ilikuwa sawa, mwana. Yote. Akaweka begi chini."