Dada, Hapa Wanataka Wimbi Kubwa

Niboye, Kigali. Jumatatu, katikati ya Februari, mwaka wa thelathini na moja tangu nivuke mto Akanyaru nikiwa nimekuaga kwa wiki mbili.

Dada yangu Mariamu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili: ya kwanza kwa ajili ya maneno, ya pili kwa ajili ya kuku wanaogombana nyuma yako. Unasema chumba changu hapo Buyenzi umekipaka rangi, kwamba Hamisi wetu anaoa baada ya Idi na hana pa kumweka mke, na kwamba unataka neno moja tu kutoka kwangu, narudi au sirudi, "si zile hadithi zako." Neno utalipata. Lakini hadithi nilifundishwa na wewe, kwa hiyo vumilia hii moja kwanza.

Jana nilipanda boti. Tangu ile ya Bwana Niko sikuwahi tena.

Unamkumbuka Bwana Niko, yule Mgiriki wa duka la vitambaa, aliyekuwa akivutwa na boti kwa kamba, juu ya mbao zake mbili, tumbo likitangulia, mimi nikiwa dereva wake? Mtu wa ski halipendi wimbi. Anataka boti ipite na ziwa libaki limelala nyuma yake kama shuka iliyopigwa pasi, ili akikata kutoka upande huu kwenda ule asirushwe. Kwa hiyo dereva anakwenda kasi, anapunguza mzigo, na uzito wowote uliobaki anausogeza mbele. Kalio la boti likizama tu, wimbi linainuka, na Mgiriki anatukana kwa lugha ambayo mpaka leo sijajua tafsiri yake, namshukuru Mungu.

Boti yetu ilikuwa na ugonjwa wa kulalia upande wa dereva. Nilihitaji mtu wa kukaa mbele kushoto, mtulivu, asiyeyumbishwa na kitu. Nikakuita wewe.

"Unaniitia nini?"

"Uje utembee ziwani, Dada."

Ukaja na mwavuli, na nyuma ya mwavuli akaja Mama Mkubwa. Nilimwonyesha kiti cha nyuma. Akakitazama kama mtu anayeonyeshwa banda la mbuzi. "Nyuma wanakaa wenye mikungu ya ndizi," akasema, akapita mbele, akaketi kwanza yeye, kisha wewe, kwa umri. Jumamosi zilizofuata mashangazi walizoea, na kila aliyekuja alikataa nyuma kwa sababu hiyohiyo. Pwani nzima ya Bujumbura hapakuwa na maji laini kama yetu. Bwana Niko alinisifu klabuni kwamba nina mkono. Mkono gani! Ilikuwa adabu ya Buyenzi tu, iliyokataa kukaa nyuma.

Kisha ikaja siku uliyosimama kutafuta kiatu, wimbi likapanda, naye Bwana Niko akapiga kelele kutoka majini: "Mariamu, kaa! Wewe ndiye jiwe langu!"

Ulinigeukia polepole. "Kumbe nimeletwa hapa kuwa jiwe?"

"Si jiwe, Dada. Ni mzani."

"Mzani! Basi nenda ukapimie nyanya."

Hukusema nami wiki nzima. Wakati wa chakula ulikuwa unampa paka ujumbe aniite. Lakini Jumamosi ulikuwepo, umevaa kitenge kipya, na ukakaa palepale, mbele kushoto, bila kuulizwa. Sijawahi kukuambia nilivyojisikia nilipokuona ukishuka na mwavuli ule. Sasa nimekuambia.

Haya, jana. Mjukuu wangu Ineza, yule uliyemwona kwenye simu ukasema ana miguu ya baba yetu, ameingia katika mchezo wa ubao. Si mbao mbili kama za Mgiriki. Ni ubao mmoja, mpana kama mlango wa kabati, miguu yote imefungwa juu yake. Huvutwa kwenye Ziwa Muhazi, unapita Kabuga halafu unaendelea mashariki. Boti ni ya Mkenya mmoja mpole anayeitwa Otieno. Alialika familia ije kumtazama Ineza akijaribu, kwa mara ya kwanza, kuruka wimbi kutoka upande mmoja hadi wa pili. Wiki tatu msichana alikuwa hazungumzi kingine. Nilikwenda mimi na bamwana wangu, Mama Claudine, yaani mama mzazi wa mkwe wangu, mwanamke wa Kigali mwenye sauti ndogo na mwili usio mdogo.

Bila shaka wazee tuliwekwa mbele. Tulipewa mito. Tulifunikwa magoti kwa kitambaa.

Na hapo, Dada, ndipo nilipoona kwamba dunia imepinduka. Hawa wa ubao wanataka kinyume cha Mgiriki katika kila kitu! Wanakwenda taratibu. Wanapakia mzigo kwa makusudi: Otieno ana mifuko mikubwa anayoijaza maji ya ziwa kwa pampu. Nyuma ana bamba la chuma linaloshushwa ili kulivuta kalio la boti chini. Wanalitafuta wimbi kama sisi tulivyolikimbia.

Lakini wimbi halikuja. Ineza alikata, akaruka, akatua palepale alipoanzia. "Hakuna kitu hapa!" alipaza sauti. "Ni kama kuruka mkunjo wa mkeka!"

Otieno aliongeza maji. Akashusha bamba. Akafupisha kamba. Akalaumu upepo, kisha propela, kisha mafuta. Kila alipomaliza kulaumu kitu alitupia macho mbele, kwenye mito yetu, kisha akayaondoa haraka. Nilikwisha kujua tangu dakika ya kwanza. Lakini ningefanyaje? Ningeinuka kabla ya bamwana, ningekuwa nimemdharau. Ningemwambia ahamie nyuma kwa sababu ya uzito, ningevunja ndoa ya watoto wetu katikati ya maji. Nikabaki nimekalia mto wangu, nikiutazama ufundi wangu wa zamani ukimharibia mjukuu siku yake.

Ni Mama Claudine aliyenigeukia.

"Muzee, wewe iko unaona?"

"Ninaona nini, mama?"

"Hii wimbi iko inakufa juu yetu."

"Mimi sijasema kitu."

"Na hiyo ndiyo makosa yako. Umefanya hii kazi, halafu unafunga mudomo? Haguruka! Inuka, twende nyuma."

Akatangulia, akishika kichwa cha Otieno kama nguzo ya ngazi. Tukaketi nyuma, yeye kulia, mimi kushoto. Wimbi likainuka mara moja, lakini upande wake lilikuwa safi, lenye makali, na upande wangu povu tupu. Otieno alisafisha koo.

"Mzee, sasa hii sijui nikuambie aje."

"Niambie."

"Wewe ni mwepesi."

Bamwana alicheka mpaka maji ya mifuko yakacheka naye. Kisha akanipakatisha sufuria lake la mizuzu, zile ndizi za kukaanga, mkoba wake, na mfuko mmoja wa maji uliokuwa umebaki. Nikawa mtu mzito. Povu likakatika, pande zote mbili zikawa sawa.

Nilipokuwa dereva, anayevutwa nilimwona ndani ya kioo kidogo tu, mdogo kama kidole. Jana nilikuwa nimekaa nikimtazama. Nilimwona Ineza akiuma mdomo, akikata kutoka mbali, akipanda lile wimbi na kupaa, ubao ukimwaga maji juu, na akatua ng'ambo akiwa amesimama. Alipiga ukelele ambao nadhani ulifika Kabuga. "Sogokuru, babu, umeona? Umeniona?" Nilimwona, nikamjibu kwa mkono mmoja, wa pili ukishika mizuzu.

Dada, nilikuwa nimeazimia kurudi. Nisikudanganye. Ujumbe wako ulikuwa mfukoni, na nilipanda boti ile nikidhani ninakwenda kuwaaga bila wao kujua. Lakini kila ninaporudi kichwani, narudi kwenye klabu ya Bwana Niko, ambaye amekufa, na Mama Mkubwa yupo mbele, na wewe una mwavuli na magoti yasiyouma. Tiketi ya kufika hapo sipati. Na usiku wa jana Mama Claudine alishapanga nani analeta nini Jumapili ijayo, na jina langu alilitaja kabla sijasema kama nitakuwepo.

Hamisi mpe chumba. Mwambie kitanda akiweke mbali na dirisha, mvua ya kutoka ziwani huingia. Wewe njoo Kigali wakati wowote, utaketi popote utakapo na hakuna atakayekupima. Nitakupigia kila Ijumaa, na kuku nitawasikiliza.

Mimi sitarudi.

Mdogo wako anayekufuata