Nameza Dawa ya Goti la Mke Wangu Ili Ishuke Mikononi

Mpendwa mshauri, kabla sijakuomba msaada ni vyema ujue unaandikiwa na nani, maana mkandaji kama mimi hajazaliwa mwingine upande huu wa dunia, mabega niliyoyarudisha mahali pake yangejaza uwanja wa mpira, nimewahi kumkanda hata fahali aliyeteguka akainuka akaenda zake bila kusema asante, na mtaani wakubwa kwa wadogo wananiita Mjomba Mikono.

Sasa mke wangu kavimba goti, nikawa namkanda mwenyewe, mara shangazi yake akampeleka duka la dawa la pale kona, kwa bwana mmoja wa koti jeupe, kucha safi kama bibi harusi, akampa vidonge vya kupunguza uvimbe, na tangu hapo nyumbani hapakaliki. "Baba watoto, nimemeza tu, sijamaliza kufua goti limenyamaza!" Limenyamaza! Mimi halijawahi kuninyamazia. Na akitoka huko anacheka peke yake, nikimuuliza anasema, "Yule bwana ana maneno!" Kwani mimi bubu?

Nikaenda kumwona kwa macho yangu. Nikamuuliza, "Hiki kidonge kinaijuaje njia ya gotini?" Akanijibu, "Hakiijui, mzee. Kinaingia kwenye damu, kinazunguka mwili mzima." Mzee! Na upara wake ule! Lakini kichwa changu chepesi, nikang'amua palepale: kama kinazunguka mwili mzima, basi nikimeza mimi kitafika viganjani, nimkande nacho, sifa zirudi nyumbani. Basi kila nikitaka kumkanda namchomolea kidonge, mara nyingine viwili kwa kuwa mikono ni miwili, tena tumbo likiwa tupu maana mkandaji wa kweli hakandi akiwa ameshiba. Goti halitulii, vidonge vinaisha mapema, naye anavaa viatu vizuri anarudi kwa yule bwana, mimi nabaki na tumbo linalowaka na choo cheusi kama lami, ambacho nachukulia ni maumivu yake yanatokea kwangu. Na kwa mawazo ya huko amekuwa mzembe, chupa yangu ya mafuta haifungi sawasawa, kila nikiishika kifuniko kinachezacheza.

Nifanyeje aache kwenda kule?

Kuna jambo moja dogo ambalo hata yeye halijui. Nikimeza vile vidonge mikono yangu haiumi. Vifundo vimenivimba siku nyingi, na juzi mgeni aliifunga ile chupa ikakaza, nikashindwa kuifungua.

Mjomba Mikono

*

Mjomba, weka gazeti chini uende hospitali leo hii. Choo cheusi kama lami si maumivu ya goti la mtu, huenda ni damu inavuja tumboni mwako. Usimeze kidonge kingine, na ukifika waambie kila ulichomeza, usiwapigie hadithi ya fahali.

Yule bwana alikuambia kweli, wewe ukasikia wivu. Mahali palipoumia mwilini hutengenezwa kemikali zinazoleta uvimbe, joto na maumivu. Kidonge kikishaingia kwenye damu huzuia zisitengenezwe, ndiyo maana goti likanyamaza. Lakini kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazolilinda tumbo lisiunguzwe na asidi yake, na zinasaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Kidonge hakichagui, kinazuia kote. Wewe umelivua tumbo lako ngao, na kula kwanza kungekusaidia kidogo tu. Dawa haitoki viganjani, iliishia kwenye vifundo vyako vilivyovimba.

Na nikuulize, nani anamtuma mkeo dukani? Si wewe unayemwibia dawa? Umelalamika anavaa viatu vizuri. Ulitaka aende peku na goti lile?

Ukipata nafuu mwambie ukweli, kisha mwende wote wawili kwa daktari, goti lake na mikono yako vitazamwe, kila mtu apewe dawa yake na kipimo chake. Na mwombe msamaha kwa neno "mzembe". Unasema halijui la mikono yako. Kifuniko cha chupa hakijilegezi chenyewe, Mjomba. Anakulegezea yeye, kila siku, na hajawahi kukuambia.