Mashua Iliyokaushwa Saluni

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kikohozi kimekuachia na wenzako wa karakana wameacha kukuibia soksi. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, ila siku hizi mikono yake inanuka gundi na wateja wake wa saluni wanaulizana kulikoni. Kaa vizuri, Baba, usome taratibu, maana mimi mwenyewe naandika mbiombio kwa furaha.

Unakumbuka uliposema mashua yako ikatwe? Msimamizi wa klabu ya mashua alikuwa ameipima, akatuambia imezidi mno uzito wa mashindano, na isipoondolewa uani kwao au kupunguzwa kabla ya mwisho wa mwezi itapigwa msumeno. Tulipokuandikia, ulijibu kwa mstari mmoja tu: ikatwe, haijawahi kumfaa mtu. Mama aliusoma mstari huo, akakunja karatasi, akafunga saluni mapema. Mama kufunga saluni mapema, Baba! Nikajua hapo pana jambo.

Kesho yake akaniambia twende tukaione. Tulipoiinamisha tukasikia maji yakichururika ndani, mle kwenye uwazi uliozibwa kati ya sakafu na ganda la nje, ambako hakuna mlango wala tundu. Tukamwita fundi wa mashua. Alipotutajia bei ya kuifumua na kuikausha, Mama akamuuliza kama hiyo ni bei ya kukausha mashua au ya kununua meli. Fundi akacheka, akasema basi tutoboe wenyewe, tuipe hewa na tuwe na subira.

Tukaileta kwa mkokoteni hadi ua wa nyuma ya saluni. Nikatoboa matundu mawili kwenye sakafu, moja mbele na moja nyuma, na kila tundu nikaligundishia shingo ya kopo la krimu ya nywele, ili kifuniko chake kiwe kinafungwa na kufunguliwa tutakavyo. Makopo matupu ndiyo mali tuliyojaliwa! Nilipopenyeza mkono nikakuta sponji iliyojazwa mle ndani ili mashua ielee imelowa chepechepe, nyeusi kama masizi.

Hapo Mama akaleta utaalamu wake. Alichukua ile draya kubwa ya kofia, ile ambayo wateja hukaa chini yake wakipiga umbea, akaiunganisha na tundu la mbele kwa kipande cha bomba, akawasha moto wa juu. Kisha akaifunika mashua gubigubi kwa nailoni, kama anavyomvika mteja kofia ya plastiki akimpiga stimu ya mvuke. Alisema joto lisipotoroka, kazi itaisha upesi. Kuifunua jioni, mashua inatoka jasho! Matone kila mahali, sponji imelowa kuliko asubuhi. Mimi nililia, Baba, sikufichi. Mama alishika kiuno, akajicheka mpaka akakaa chini. Akasema miaka yote anapiga watu stimu ili nywele zinywe maji, na leo ameinywesha mashua.

Tukaanza upya, safari hii kama nywele zilizotoka kuoshwa. Kwanza taulo. Tulisokomeza taulo kuukuu za saluni kwenye matundu, tukawa tunazitoa na kuzikamua, tunazirudisha, mpaka zikaanza kutoka na unyevu tu. Nailoni ikatupwa kando. Draya tukaiweka moto mdogo kabisa pale mbele, na nyuma nikafunga feni niliyoing'oa kwenye kompyuta iliyokufa, iwe inavuta hewa yenye unyevu na kuitoa nje. Joto linaingia huku, unyevu unatokea kule. Basi! Wateja wakawa wanapita uani kuuliza mgonjwa ameamkaje. Mmoja mwenye haraka zake aliambiwa asubiri, draya ina mtu.

Leo ndiyo tumeirudisha kwenye mizani. Mimi nilifumba macho. Mama hakufumba, alikuwa anamwambia msimamizi asiiegemee. Nikasikia watu wanapiga makofi. Imepita, Baba, imepita, tena iko chini ya kipimo! Msimamizi alimwangalia Mama juu mpaka chini, akasema maji yaliyotoka yanalingana naye kabisa kwa uzito. Kwa hilo Mama hajamsamehe.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu kabla hata ya kunawa. Fundi alipokuja jioni hii kuziba mahali maji yalipoingilia, alikwangua rangi chini kabisa, akakuta kiraka kibovu juu ya ufa mrefu. Juu ya kiraka palikuwa na rangi ya bluu, na juu ya bluu, nyeupe. Nyeupe uliipaka wewe ulipoinunua, mimi nikikushikia kopo. Bluu ni ya yule aliyekuuzia. Ufa ulikuwapo kabla yako, Baba! Na fundi anasema sponji iliyooza namna ile ilishajaa maji kabla hujaigusa.

Misimu yote ile uliyomaliza wa mwisho, wenzako wa klabu walipokuita Nanga ukacheka nao, kisha ukaacha kucheka, ukaacha hata kutweka tanga, ukaenda kutafuta kazi mbali kusikoonekana maji, hukuwa mzembe. Ulikuwa unashindana ukiwa na abiria mzima amelala chini ya sakafu yako. Na kila mara ulifika! Mama amesema nikuandikie hivi kwa niaba yake, kwa kuwa yeye akianza analia: hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kuifikisha mashua ile.

Mashindano ni mwezi ujao. Msimamizi alipouliza aandike nani kuwa nahodha, nilifungua mdomo nijitaje, Mama akaniwahi, akataja jina lako. Jina lako halisi, Baba, kwa sauti, na hakuna aliyecheka. Mimi nitakaa mbele nikushikie kamba.

Saluni nzima inakusalimu, hata wasiokujua wanakuita mwenye mgonjwa. Jifunike vizuri kifuani, na barua hii usiijibu kwa mstari mmoja. Usiijibu kabisa. Njoo.

Mimi mwanao,
mshika kopo wako wa rangi