Kanda ya Bibi

Ihanja, Jumatano

Kaka Bonifasi, shikamoo.

Alizeti zimekubali mwaka huu, na mama sasa anatembea bila fimbo.

Jumamosi chama chetu cha historia kitapiga kanda za sauti za wazee mbele ya kijiji. Mimi ndiye niliyepewa kuzitafsiri kutoka Kinyaturu. Bibi anasema humo kwamba shamba letu ni la jirani, mzee Njiku; babu aliachiwa alitunze tu, Njiku alipohamishwa enzi za vijiji vya ujamaa.

Maneno hayo sikuyaandika, kaka. Nilijiona mjanja. Kumbe karatasi yangu ni ya wageni wasiojua Kinyaturu tu. Kijiji kitasikiliza sauti ya Bibi mwenyewe.

Mjane wa Njiku kawekewa kiti cha mbele. Njoo tukamwambie sisi, kabla Bibi hajamwambia.

Mdogo wako,
Ritha